Nimeuliza ampea za pawasaplai, nimejibiwa "unanunua kompyuta au jenereta?"

NyundoLaini

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, makosa ya herufi mnisamehe.

Kuna jamaa muuza kompyuta pale Kariakoo. Simtaji. Mnamjua wote: fremu yake ina taa nyingi kuliko ukumbi wa harusi, spika iko mlangoni inapiga mpaka mabati ya jirani yanacheza, na mwenyewe kakaa juu ya stuli ndefu kama refa wa tenisi. Huyo huyo. Leo, mbele ya wateja sita, vibarua wawili na muuza kahawa, kaulizwa swali moja la kistaarabu kabisa: "Kaka, hiyo pawasaplai ina ampea ngapi kwenye volti 12?" Akashusha miwani. Akaniangalia kuanzia kandambili kupanda juu. Akasema:

"Kijana, unanunua kompyuta au jenereta?"

Duka zima likaangua kicheko. Muuza kahawa aliweka birika chini ili acheke vizuri.

JENERETA, wakuu.

Pawasaplai ndiyo boksi la kulisha kompyuta umeme. Lile lake la "500W" linalokuja bure ndani ya kasha la kompyuta, ligeuze ubavu usome kibandiko. Mstari wa +12V unasema 18A. Hesabu ya darasa la tano: 12 mara 18 ni 216. Wati 216! Zilizobaki ziko wapi, kwenye spika yake? Kidogo zimeokotwa kwenye njia za volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta za siku hizi hazizitumii sana, na nyingine ni wino wa kibandiko tu. Prosesa na kadi ya picha vyote vinanyonya kwenye 12.

Mzigo wenyewe ni huu: prosesa ya Ryzen 5 5600, ikikimbia inafika wati 76 hivi. Kadi ya picha ya RX 6600, wati 132. Bodi, RAM, diski ya SSD na feni, weka 50. Jumla inagonga 260. Na kadi haili kwa adabu, kuna nukta inaruka juu ya hizo 132. Kwa hiyo gemu litafunguka, menyu safi, muziki mtamu, ukiingia uwanjani tu, puu, giza. Ukimrudishia atakwambia Windows mbovu, lete elfu ishirini tupige nyingine.

Nikauliza waya wa pini 8 wa kadi uko wapi, maana boksi lenyewe halina. Akavuta droo, akatoa kiunganishi cha kutoka SATA (plagi ya umeme wa diski) kwenda pini 8. Kichwa cha SATA kimepimwa kubeba wati 54. Pini 8 inaruhusiwa kuvuta mpaka 150. Waya mwembamba kama tambi za futari, ndio ubebe kadi. Hiyo plastiki itayeyuka utaisikia harufu kabla hujaona moshi.

Halafu mimi ndiye ninayenunua jenereta.

binti_wa_Tandika

Nimekaa siti ya mbele, kashata mkononi. Huyo muuza kahawa yuko kona ipi?

Chumvi_Nyingi

Povu lote hili kwa boksi la bure. Nunua PS4 ya mtumba ulale.

MzeeWaBisibisi

Mkuu Jenereta, pole. Jina limeshakukaa, usihangaike kulivua.

Jamaa ni mjeuri, hilo halina ubishi, lakini na wewe kosa lako ni kutafuta pawasaplai ndani ya kasha la zawadi. Cha bure chenye maana kwenye kasha ni skrubu. Kwa mzigo huo tafuta ya wati 500 au 550 za kweli, yenye alama ya ufanisi ya 80 Plus, kibandiko kisome +12V kuanzia ampea 36 kwenda juu. Ibebe mkononi: ya kweli ina uzito wa tofali, ya kasha unaweza kupepea nayo jiko la mkaa. Na ukikuta nyuma kuna kiswichi chekundu cha 115/230, kisome kabla hujachomeka. Umeme wetu ni 230. Kikiwa kwenye 115 utasikia mlio mmoja, wa pili hautakuwepo.

Kitu kingine, RAM hujaigusa kabisa. Chukua mbili za GB 8, usichukue moja ya 16. Zikiwa mbili zinapiga pamoja, ikiwa moja prosesa inasubiri foleni. Zipachike tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Halafu ingia BIOS (programu ya ndani ya bodi) uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, la sivyo RAM uliyolipia kasi ya 3200 itatembea 2133 au 2666 hadi siku ya kuiuza.

Na bodi. Ukipewa B450 iliyokaa dukani muda mrefu, uliza BIOS. Bodi hizo ni za 2018, 5600 ni ya 2022, hazijuani. Feni zitazunguka, taa zitawaka, skrini nyeusi, utadhani umeua prosesa. Baadhi zina kitufe cha kusasisha kwa flashi hata bila prosesa. Kama haina, muuzaji aisasishe mbele yako ndipo ulipe. Au chukua B550 presha ipungue.

NyundoLaini

Ahsante Mzee, shikamoo. Lakini niambie wewe mwenyewe, ukiuliza ampea unastahili kuitiwa jenereta mbele ya muuza kahawa?

Kichwa_Bapa

Mmesahau wimbo wake wa taifa: "i7 ni i7." Hakukuimbia?

NyundoLaini

Aliniimbia! Baada ya jenereta akaniletea prosesa ya i7-2600 akaipigapiga mgongoni kama mbuzi wa mnadani. "Chukua hii, i7 hii, achana na hizo Ryzen za tano."

Kichwa_Bapa

Hahaha. Basi wasiojua wasome hapa. i7-2600 ni ya 2011. Viini 4, nyuzi 8. i3-12100F ya 2022 nayo viini 4, nyuzi 8, na inaiacha hiyo i7 mbali bila kuangalia nyuma. Namba ya kwanza baada ya kistari, au mbili za kwanza zikiwa tarakimu tano, ndiyo umri, hiyo 7 ya mbele ni cheo cha ukoo tu. Hiyo 2600 haina AVX2 (amri mpya za prosesa), kuna magemu mapya yakiikosa hayafunguki hata dirisha. Haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025.

Halafu anakuuzia ikiwa ndani ya OptiPlex, kompyuta ya ofisini ya Dell, ya kasha jembamba. Humo kadi ya kimo cha kawaida haiingii, unatafuta zile zenye bamba fupi. Pawasaplai ni wati 240 hivi. Ukisema ubadilishe, kwenye zile za baadaye kama 9020 unakuta plagi ya bodi ni pini 8 za kwao peke yao, si zile 24 za kila mtu. Mashine ya ofisini haina kosa, iache ofisini.

Ndani anakuwekea kadi ya GT 730 "ya GB 4". Zile GB 4 ni za kumbukumbu ya zamani ya DDR3, njia ya biti 64, inapitisha GB 14.4 kwa sekunde. RX 6600 inapitisha 224. Ni simtanki la lita elfu tano, bomba lake mrija wa soda.

Tundu_la_Nne

Wewe umetukanwa tu, shukuru. Mbona hamumsemi yule wa mtandaoni? Mnamjua, picha zake zote zina zulia lile lile jekundu. Anauza kadi: "RX 580 GB 8, mpya kwenye boksi, haijaguswa." Ukiifungua ni 2048SP. RX 580 halisi ina vitengo 2304, hiyo ina 2048, yaani ni RX 570 iliyobadilishiwa jina la cheti. Na "haijaguswa" maana yake imechimba sarafu za mtandaoni mchana na usiku, grisi ya feni imekauka, mapezi ya kupozea yamesuguliwa kwa mswaki.

Kuna nyingine mbaya zaidi, "GTX 1050 Ti" ambayo ndani ni GTS 450 ya 2010 iliyoandikwa BIOS ya uongo. Windows inaamini, wewe unaamini, gemu halidanganyiki. Ukiona 1050 Ti ina tundu la bluu la VGA, rudisha mkono mfukoni. Fungua programu ya GPU-Z kwenye mashine ya muuzaji kabla ya kulipa, ikiwa imechakachuliwa itakuandikia FAKE mbele ya jina. Kisha mwambie aipige FurMark, programu ya kuitesa kadi, dakika kumi ukiwa umesimama hapo. Akisema umeme mdogo, mshukuru uende zako.

Luthuli_Jioni

Nyinyi hata mnajibiwa. Huku Nairobi ukiuliza bei ya kadi unaulizwa "kwani uko na ngapi?" Ukitaja, bei inakuwa hiyo hiyo plus mia tano. Halafu kijana anatumwa "stoo", kumbe anakimbia duka la jirani kuchukua kwa mkopo, anarudi akihema. Na kila mashine ni ex-UK, yaani mtumba wa Uingereza, hata zenye kibandiko cha shule ya hapa hapa.

Chumvi_Nyingi

Hiyo ya "stoo" ipo mpaka Mwanza.

Kaunta_Pia_Ina_Moyo

Niko upande wa kuuza, si fremu hiyo. Mmesema sana, na sisi tuseme.

Mteja anakuja na laki mbili na nusu, anataka kompyuta ya kucheza kila kitu, na achenjiwe nauli. Mwingine anarudi na bodaboda saa mbili usiku anapiga kelele kadi imekufa. Unakuta waya wa HDMI wa skrini kauchomeka kwenye bodi. Kaka, Ryzen 5 5600 haina picha yake yenyewe, wala i3 yenye F mwishoni, tundu la bodi hapo ni pambo. Waya unaingia kwenye kadi, chini kule. Mwingine kafunga feni ya prosesa bila kubandua nailoni ya chini, prosesa inafika nyuzi 95 anasema Dar joto. Mwingine vile vinati vya shaba vya kuinua bodi kaviona vimezidi akavitupa, bodi ikalala kwenye bati, shoti. Wote hao walikuwa wajuzi wa mtandaoni. Walikuja na karatasi.

Kama hela haitoshi kadi, semeni. Tunakupa 5600G, hiyo ina picha ndani, RAM mbili za GB 8 kwa sababu picha inakula humo humo, unacheza magemu mepesi huku unajichanga. Kadi utaweka baadaye. Ila pawasaplai usibane leo, maana ndiyo itakayoibeba hiyo kadi.

NyundoLaini

Ahaaa! "Pawasaplai usibane." Muuzaji mwenyewe kasema! Sasa kwa nini nikiuliza ampea naitwa jenereta?

Kaunta_Pia_Ina_Moyo

Kwa sababu uliuliza saa ya kufunga hesabu, Jumamosi. Hata mimi ningekuita transfoma.

binti_wa_Tandika

TRANSFOMA 😭😭 Mods badilisheni kichwa cha uzi.

MzeeWaBisibisi

Kabla hatujapotea, mleta uzi: usiache UPS (betri ya akiba), umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS bodi inageuka kibao cha chapati. Ila 650VA si wati 650. Nyingi za hivyo hazifiki hata wati 400. Kwa mzigo wako inatosha kuzima kwa heshima, usiitegemee kumalizia mechi.

Mpangaji_Sugu

Mmetaja umeme mkaniamshia hasira. Wenye nyumba wa LUKU (mita ya umeme) ya pamoja wana shida gani na kompyuta? Wakiona taa za rangi dirishani tu, mchango wako unapanda. Piga hesabu: mashine hiyo wati 260, monita 25, saa tatu na nusu za gemu ni uniti moja. UNITI MOJA. Pasi ya mke wake ya wati elfu inaimaliza hiyo kwa saa moja.

Chumvi_Nyingi

Hujataja birika la umeme. Wati 2000 hizo.

Tundu_la_Nne

Na friji lake la barazani la kuuzia barafu, hilo halihesabiwi kabisa. "Hilo la biashara."

Mpangaji_Sugu

LA BIASHARA! Umekaa nyumba gani wewe, mbona kama tunapanga pamoja? Mpira wa mlango umechanika, linanguruma usiku kucha, mwisho wa mwezi anagonga mlango wa mwenye kompyuta.

Luthuli_Jioni

Mpira ukichanika mashine haipumziki kabisa. Weka noti kati ya mlango na mpira, funga, uivute. Ikitoka bila kushikwa, hapo ndipo baridi inapotorokea.

NyundoLaini

Wakuu turudi kwenye mada. Jamaa kasema, nanukuu, "unanunua kompyuta au…"

Kichwa_Bapa

Subiri kidogo mkuu. Mpangaji, hilo friji ni la kulala au la kusimama?

Mpangaji_Sugu

La kulala. Futi sita.