Natoka Malindi kwenye tambarare, nataka kuendesha baiskeli milima ya Taita. Naombeni njia na ushauri

Gia_ya_Msabaha:
Salaam wadau. Naombeni ushauri hasa nyinyi wa Taita au yeyote aliyewahi kuendesha huko. Mimi ni mtu wa Malindi, mwaka wa nne huu naendesha baiskeli ya milima lakini mlima wenyewe sina, kila wikendi ni Gede kwenda na kurudi, mara moja moja Marafa basi. Sasa mwezi wa kwanza tulikwenda Wundanyi maziko ya jamaa yetu, matatu ilivyoanza kupanda kutoka Mwatate nikakaa dirishani sikusema na mtu, kona hii unaliona bonde lote chini na mashamba yamekatwa ngazi ngazi, kona ya pili ukungu umefunga huoni kitu, halafu ukifunguka unaona msitu mweusi huko juu. Toka siku hiyo roho yangu iko kule. Nataka nirudi na baiskeli mwezi wa 8 shule zikifunga, nitakuwa na mpwa wangu ana miaka 16, anapenda baiskeli kuliko mimi.

Nauliza hivi, njia gani inapita karibu na msitu na inafaa watu wawili wasioijua milima? Na huku kwetu kulivyo flati nijizoeze vipi kupanda? Kuna mtu kaniambia tukatize Sala Gate mpaka Voi kwa baiskeli tuokoe nauli, ni kweli inawezekana?

Kubwa kuliko yote ni breki. Mwaka jana nikitelemka mteremko mmoja upande wa Marafa, raba za breki zilikuwa zimekauka na mimi sikuzikagua, nikabana mpaka mwisho baiskeli haisimami, nikaingia michongomani. Mkono ulifungwa wiki tatu. Ule mteremko ni mfupi sana ukiulinganisha na ule wa Wundanyi, na safari hii nina mtoto wa dadangu nyuma yangu. Sitaki kubahatisha.

Maweni_Kiraka:
Sala Gate futa kabisa kichwani. Ile barabara inapita ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, ni ya magari, simba wapo na tembo wapo, hawatakuruhusu na baiskeli pale getini na wako sawa. Panda basi mpaka Mombasa, Mombasa mpaka Voi, ongea na konda mapema kuhusu baiskeli, toa magurudumu ufunge na kamba zako mwenyewe usimwachie mtu.

Mdawida_Halisi:
Karibu sana ndugu yangu, na poleni kwa msiba. Nimezaliwa Wundanyi nitakueleza kama ninavyomweleza mgeni wangu.

Kwanza usianzie Voi kwa baiskeli. Voi mpaka Mwatate ni kama kilomita 25 za lami na jua, na tembo huvuka ile barabara hasa jioni. Halafu Mwatate mpaka Wundanyi ni kama kilomita 15 tu lakini ni kupanda mwanzo mwisho, utafika juu miguu imekwisha na msitu hujauona. Pandisha baiskeli kwenye matatu mpaka Wundanyi, lala, kifua kizoee. Wundanyi iko kama mita 1,400, nyinyi mnatoka usawa wa bahari, siku ya kwanza unaweza kuhema kidogo ukipanda.

Siku ya pili shika barabara ya Werugha uende Ngangao. Hiyo ndiyo njia yako kama unataka msitu na bonde pamoja. Unapanda taratibu kati ya mashamba ya mboga, watu watakusalimia kila kona, wajibu. Kabla ya msitu wa asili kuna mikaratusi na misonobari iliyopandwa, hapo angalia sana, zile sindano za misonobari zikilowa na ukungu zinateleza kama sabuni. Ngangao yenyewe si kubwa, hekta 120 hivi, lakini ukiingia chini ya ile miti baridi inakushika na sauti zote za kijijini zinakatika. Ongea na walinzi wa msitu kwanza. Na nakuomba kitu kimoja, vile vijia vyembamba vya ndani shuka ukokote baiskeli. Kina mama wanapita pale na mizigo kichwani, na kuna aina mbili za ndege mle, apalis wa Taita na kurumbiza wa Taita, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye hivi vipande vya misitu yetu. Vimebaki vidogo. Tunavionea uchungu.

Siku ya tatu mkiwa na nguvu nendeni Vuria, ndio kilele kirefu kuliko vyote huku, mita 2,208, kuna minara ya mawasiliano juu. Ni mwinuko mkali, sehemu nyingine mtasukuma kwa mkono na hakuna ubaya. Asubuhi ikiwa wazi unaona nyika yote ya Tsavo. Mbololo iachieni safari nyingine, ile iko ng'ambo ya bonde la Paranga, unatelemka mpaka chini halafu unapanda upya, si ya mtu wa mara ya kwanza.

Ukionyeshwa mapango ya mafuvu ya wazee wetu, usiguse wala kupiga picha mpaka uambiwe ruhusa.

Mtembezi254:
Kwani si muende Hell's Gate kule Naivasha, baiskeli zinaruhusiwa na unapita katikati ya pundamilia, njia pana haina shida

Gia_ya_Msabaha:
Nimeshafika Mtembezi, ni pazuri, lakini pale ni majani na miamba. Mimi nautaka ule msitu wenye ukungu.

Maweni_Kiraka:
Sasa breki, hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Badilisha raba zote nne za baiskeli zote mbili, na waya wa breki pia, hata kama unauona mzima. Sisi wa pwani chumvi inakula waya kwa ndani ya mpira huwezi kuona, siku ya kubana kweli ndiyo unakatika. Kama ni za diski angalia padi zimebaki unene gani na ubebe pea ya akiba.

Kutelemka usibane mfululizo. Ukibana dakika kumi bila kuachia rimu inachemka na breki inalegea. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena, tumia zote mbili, mbele na nyuma. Makalio yarudishe nyuma ya siti. Na simameni kila baada ya kona kadhaa mguse rimu, ikiunguza kidole ngojeni ipoe. Kijana atangulie wewe uwe nyuma, umwone.

Gia angalia duara kubwa la nyuma, likiwa na meno chini ya 34 njoo tubadilishe. Tyubu mbili za akiba kila mtu, na kiungo cha cheni, maana cheni hukatika kwenye kupanda.

Mama_Swafiya:
Mwanangu mbebee huyo kijana sweta na koti la mvua, mwezi wa 8 huko ni baridi na ukungu, mtoto wa Malindi hajui baridi. Mimi niliolewa huko miaka sita. Mkifika ulizeni kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, ukila asubuhi unafika Werugha bila njaa. Na helmeti zote mbili, si moja ya kubadilishana.

Kusi_la_Gede:
Mazoezi unayo hapohapo kaka. Sasa hivi kusi linavuma, toka Malindi saa nane mchana uje huku Gede na gia nzito, upepo wote uko kifuani, usisimame mpaka Msabaha. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki. Halafu wikendi uje Arabuko-Sokoke, lipa getini, chukua askari au mwongozaji kwa sababu ya tembo, uendeshe kwenye ule mchanga mweupe chini ya miti ya mirihi. Mchanga unakaza mapaja kama mlima. Kutelemka tu ndiko hutajifunza huku, hilo ujifunzie Wundanyi kwenye miteremko midogo kabla ya kurudi Mwatate.

Gia_ya_Msabaha:
Nawashukuru kwa moyo wote. Nimeamua, matatu mpaka Wundanyi, siku moja kupumzika, Ngangao, halafu Vuria tukiweza. Fundi nakuja Jumatatu na baiskeli zote mbili. Mdawida swali la mwisho, kurudi tutelemke mpaka Mwatate kwa baiskeli au tupande gari?

Mdawida_Halisi:
Ikiwa lami imekauka telemkeni, mtoke saa tatu asubuhi ukungu ukishainuka, mshike kushoto kwenye kila kona maana matatu zinakata. Ikiwa imenyesha usiku pandeni gari. Nitumie ujumbe mkikaribia tarehe, nitawasubiri stendi.