Kaloleni kwa miguu: je, mtaa unafufuka au umepakwa rangi tu?

Mtembezi wa Jumamosi

Jumamosi iliyopita nilishuka kwenye matatu pale Railways, katikati ya Nairobi, na, badala ya kuunganisha gari jingine, niliamua kuelekea Jogoo Road kwa miguu, njia ambayo nimeipita kwa gari miaka kumi na mmoja bila kuitazama. Nilipita soko la Marikiti maganda ya kabichi yakiwa bado yametapakaa barabarani, nikapenya Muthurwa, nikafuata Landhies Road huku nikiwapisha wavuta mikokoteni ambao mluzi wao ndio honi, hadi nikatokea soko la Burma. Nilipovuka uwanja wa City Stadium, ambao siku hizi umepewa jina la marehemu Joe Kadenge, mchezaji wa soka, niliingia Kaloleni.

Nilitarajia mtaa uliochakaa, na kwa kweli uchakavu upo. Hata hivyo, nilikuta pia nyumba za mawe zilizoezekwa vigae, nyingine zikiwa zimezibwa kwa mabati mahali vigae vilipovunjika, nazo zimepangwa kuzunguka viwanja vya nyasi na miti ambayo huko ninakoishi ingekwisha kukatwa zamani ili ghorofa la sita lipate nafasi. Kilichonishangaza zaidi ni maktaba. Ni jengo dogo, safi, lenye mwanga wa kutosha, na ndani yake msichana wa umri wa miaka minane hivi alikuwa akimsomea mdogo wake hadithi, kidole kikifuata kila neno. Alipofikia neno gumu aliliruka na kuongeza sauti, ili mdogo wake asitambue pengo.

Nina maswali mawili. Je, tunachokiona Kaloleni ni mtaa unaofufuka, au ni rangi inayotangulia tingatinga? Pili, mtu atembeeje katika mtaa wa namna hii bila kuwafanya wenyeji wajione kama wanakaguliwa? Nilipokuwa nimesimama nikiyatazama mapaa, kijana mmoja aliniuliza kwa upole, lakini bila kutabasamu, kama nimetumwa na serikali ya kaunti.

Mzaliwa wa Ololo

Karibu sana Ololo, kama sisi wenyeji tunavyoiita Kaloleni, ndugu, ingawa umekuja bila kubisha hodi. Kijana huyo hakukosea kukuuliza. Kwetu, mgeni anayetazama mapaa badala ya watu huwa amekuja kupima, na baada ya kupima huja barua.

Neno "kufufuka" linanipa taabu kidogo, kwa sababu hufufuka aliyekufa. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na wafungwa wa vita wa Kiitalia walishiriki katika kazi hiyo ya mawe unayoisifu. Ulikuwa mtaa wa Waafrika waliokuwa na kazi mjini na walioruhusiwa kuishi na familia zao, jambo ambalo halikuwa la kawaida Nairobi, ambako mwanamume Mwafrika alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa kupita anayehitaji kitanda tu. Ndiyo maana kuna nyasi katikati: mahali pa watoto palikuwa kwenye ramani tangu mwanzo.

Ulipita ukumbi wa jamii bila kuutaja, nami nitakulaumu kwa hilo. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huo, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, wakati ambapo hata wanasiasa wengi jasiri walikuwa wakiomba viti vichache tu katika baraza la kutunga sheria. Mwezi uliofuata alikamatwa, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, naye hakuachiliwa hadi mwaka 1961. Marehemu baba alikuwa akinionyesha mahali aliposimama siku moja ukumbi ulipofurika, nje, karibu na ua wa kayaba, akisikiliza hotuba kupitia dirishani na kuchomwa miiba kila umati uliposukumana. Kila alipoisimulia habari hiyo alijikuna mkono.

Kwa hiyo mtaa haukuwahi kufa. Uliachwa bila kutunzwa, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Dada wa Makadara

Naomba niongeze kuhusu maktaba, maana mimi nimekuwa msomaji wa ile ya mtaa wa Makadara tangu utotoni. Zote mbili ni matawi ya McMillan, maktaba iliyofunguliwa mjini mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu, na Waafrika walifungiwa mlango wake kwa zaidi ya miaka 20. Matawi haya ya Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi, yalikuwa yamebaki na rafu zenye vumbi na vitabu vya kiada vya mitaala iliyokwisha kufutwa. Baadhi ya vitabu vilikuwa vizee kuliko jengo. Kazi ya ukarabati imefanywa na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kwa ushirikiano na Serikali ya Kaunti ya Nairobi.

Ninachokithamini zaidi ya rangi ni kwamba rafu sasa zina vitabu vya Kiafrika, vikiwemo vya Kiswahili, na kwamba watoto huruhusiwa kupiga kelele kiasi. Hapo zamani mtunza maktaba wetu alikuwa na rula, na rula hiyo haikuwa ya kuchorea mistari.

Kuhusu swali lako la kwanza, usiitazame maktaba peke yake. Tembea nyuma ya nyumba. Kila nyumba iliyokusudiwa familia moja sasa ina vyumba vya mabati vilivyoongezwa uani, na mabomba ya majitaka yaliyochimbwa kwa ajili ya watu wachache yanahudumia wengi kupita kiasi. Mvua ikinyesha, utaelewa bila kuelezwa. Hapo ndipo hoja ya wanaotaka kubomoa inapopata nguvu, na si hoja ya kupuuzwa. Lakini wapangaji wanajua pia yaliyotokea mtaa wa Pangani, ambako nyumba za zamani za kaunti zilivunjwa na maghorofa yakajengwa mahali pake. Kodi ya nyumba ya kaunti ni ndogo, na wengi wamerithi upangaji kutoka kwa wazazi bila hati ya umiliki. Kwa mtu kama huyo, mtaa unapopendeza machoni pa wageni, usingizi hupungua.

Muuza Nyama Burma

Mimi nitajibu swali la pili tu. Nenda asubuhi, simu iwe mfukoni, salimia kwanza kabla ya kutazama chochote, na ukitaka kupiga picha ya nyumba omba ruhusa kwa aliyeketi mlangoni. Nunua kitu: chai, ndizi, hata kurekebishiwa kiatu. Mtu aliyeketi kwa fundi viatu haulizwi kama ametoka kaunti. Ukirudi na njaa, nyama ya Burma haihitaji matangazo yangu.

Mtembezi wa Jumamosi

Nimekubali lawama ya ukumbi, na neno "kufufuka" nimelirudisha mfukoni. Mzaliwa wa Ololo, je, ua huo wa kayaba bado upo?

Mzaliwa wa Ololo

Pale baba aliponionyesha umeng'olewa, pamebaki kisiki kimoja ambacho vijana hukitumia kama kiti wakisubiri zamu ya kunyolewa, kwa kuwa kinyozi ameweka kioo chake hapo karibu. Kwingine mtaani utaukuta, mrefu kuliko mtu. Njoo Jumamosi, uanze kwa kinyozi, uniulizie kwa jina la baba wa mapacha. Nitakupeleka hadi nyuma ya nyumba kama alivyosema dada, ila vaa viatu visivyokuuma rohoni vikilowa.