Mrejesho: mtindi uliokataa kuganda, Mbarara

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini mtindi wa kikundi chetu haugandi ilhali maziwa yanaonekana mazima, mkanishauri nipime mabaki ya antibiotiki, dawa za kuua bakteria, maana huua hata wale wanaogandisha mtindi. Kweli ndiyo yaliyokuwa yanatusumbua.

Tulitumia vichupa vyenye bakteria wasiodhuru. Unadondoshea maziwa, unaweka kwenye joto la nyuzi 64 kwa takriban saa tatu. Bakteria wakikua, rangi ya zambarau hugeuka njano. Dawa ikiwemo, zambarau inabaki. Maziwa ya tangi yalibaki zambarau, tukapima keni ya kila mfugaji. Moja tu ndiyo iliyokuwa na shida. Sampuli yake tukaipasha nyuzi 80 kwa dakika 10 kwanza, maana kiwele kinachougua hutoa vitu vya asili vinavyozuia bakteria na kudanganya kipimo, na joto hilo huviharibu. Bado zambarau, kwa hiyo ilikuwa dawa kweli.

Mzee mwenye keni hiyo alieleza bila kuficha: alitibu chuchu moja ya ng'ombe wake, akamwaga maziwa ya hiyo tu. Kumbe dawa huingia kwenye damu na kufika chuchu nyingine, kwa hiyo humwagwa yote hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Na kuchemsha hakuondoi mabaki mengi! Hilo limeniuma, watoto wetu wanakunywa haya.

Sasa ng'ombe aliyetibiwa anafungwa kitambaa chekundu mguuni, anakamuliwa wa mwisho. Mtindi wa jana umeganda.