Je, anayekunywa methadoni kila siku tumhesabu amepona? Kamati yetu imegawanyika

Katibu wa Kamati

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi iliyoundwa baada ya vijana kadhaa wa eneo letu kufariki kwa kuzidisha kipimo cha heroini. Kazi tuliyojipa ni kuwapokea wanaotoka katika matibabu au gerezani, kuwatafutia shughuli ya kufanya na kumpa kila mmoja mtu wa kuwa naye karibu katika miezi ya mwanzo. Mambo yalikwenda vizuri hadi vijana wawili wanaotumia methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa kliniki kutibu uraibu wa heroini, walipoomba kuwa waelimishaji rika. Nusu ya wajumbe wanasema vijana hao hawajaacha, wamehama tu kutoka dawa moja kwenda nyingine. Wanataka tuweke sharti kwamba anayepokelewa awe hatumii kitu chochote, na atakayerudia hata mara moja aondolewe. Sisi wengine tunaona sharti hilo litawafukuza wale wale tuliokusudia kuwasaidia, ila kila tukisimama kulipinga tunaonekana tunaongozwa na huruma pekee. Naomba wenye ujuzi wanisaidie hoja, na pia waniambie kamati isiyo na daktari wala fedha nyingi ifanye nini chenye manufaa.

Muuguzi Mstaafu

Ndugu katibu, pokea pole kwa misiba hiyo. Nimefanya kazi katika huduma za uraibu kwa muda mrefu, na swali lako nimelisikia kutoka kwa wazazi, viongozi wa dini, na hata madaktari.

Heroini hupanda haraka na kushuka haraka. Saa chache baada ya kuitumia, arosto huanza: mwili unauma, tumbo linaharisha, jasho na kutetemeka, na usingizi haupatikani, kwa hiyo siku nzima ya mtumiaji huishia katika kutafuta kipimo kinachofuata. Methadoni hufanya kazi polepole na hudumu mwilini muda mrefu, kiasi kwamba dozi moja iliyopimwa vizuri humshikilia mtu usiku na mchana bila arosto na bila ulevi. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander, waliochapisha mwaka 1965 matokeo ya kuwatibu waraibu kwa methadoni huko New York, waliona kwamba wagonjwa waliokuwa wakihangaikia heroini walianza kuzungumzia masomo na kazi. Ni kweli kwamba mwili wa anayetumia methadoni unaitegemea, kama mwenye kisukari anavyotegemea insulini. Lakini mtu asiyeiba, anayelala nyumbani, na anayelea watoto wake hawezi kuhesabiwa sawa na alivyokuwa kabla ya tiba. Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni na buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu huo, katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005, na uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kiwango cha vifo miongoni mwa walio katika tiba ya methadoni kilikuwa takribani theluthi moja ya kiwango cha waliokuwa nje ya tiba hiyo.

Sharti la kumwondoa anayerudia ndilo linalonitisha zaidi. Mwili uliokaa bila heroini kwa wiki kadhaa hupoteza uwezo wa kuhimili kipimo cha zamani, ilhali mtu mwenyewe bado anakikumbuka kipimo hicho. Utafiti wa wafungwa walioachiliwa katika jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine. Ninyi mnawapokea watu katika wiki hizo hizo. Mkimfukuza aliyeteleza mara moja, atatumia tena akiwa peke yake mahali pa kujificha, na hapo ndipo vifo vingi hutokea.

Mlezi wa Vijana

Muuguzi, hoja zako nimezisoma kwa heshima, lakini nadhani mnawadharau mno wajumbe wanaosita. Kamati ya wakazi si hospitali. Nimeona methadoni ikiuzwa mitaani, na nimesikia watoto wadogo walioinywa nyumbani kwa kudhani ni sharubati. Aidha, wapo walioacha kila kitu bila dawa yoyote na wanaishi vizuri hadi leo; je, hao si mfano bora zaidi kwa vijana kuliko mtu anayepanga foleni kliniki kila asubuhi?

Muuguzi Mstaafu

Hofu zako zina msingi na sitazipuuza. Dozi ya kawaida ya mtu mzima aliyeizoea inaweza kumuua mtoto, au mtu mzima ambaye hajaizoea. Wiki za mwanzo za tiba nazo zina hatari yake, kwa kuwa dawa hujikusanya mwilini, na hatari huongezeka sana ikichanganywa na pombe au dawa za kutuliza kama diazepamu. Ndiyo sababu wanaoanza hunywa dozi mbele ya mhudumu, na wanaoruhusiwa kwenda nayo nyumbani hutakiwa kuifungia kwa kufuli. Hilo ni jambo ambalo kamati yenu inaweza kulisimamia bila kuwa hospitali.

Kuhusu walioacha bila dawa, wapo, na ninawapongeza. Baada ya vita vya Vietnam, mtafiti Lee Robins aliwafuatilia askari wa Marekani waliokuwa waraibu wa heroini huko vitani, na akakuta kwamba ni asilimia 12 tu hivi waliorudia uraibu ndani ya miaka mitatu baada ya kufika kwao. Watu wengi huinukuu habari hiyo kuonyesha kwamba nia inatosha. Mimi naisoma kinyume chake. Askari hao waliondolewa kabisa katika mazingira walimotumia, wakarudi kwenye familia na maisha mengine, wakati kijana wenu anarudi kwenye kijiwe kile kile, kwa marafiki wale wale, na mara nyingi hana kazi. Mkiweza kumbadilishia mazingira, methadoni itakuwa na kazi nyepesi zaidi.

Nipo Kwenye Tiba

Shikamoo Muuguzi, na shikamooni wakubwa wote mlionitangulia. Mimi ni mmoja wa hao wanaopanga foleni. Nimekuwa katika methadoni kwa miaka kadhaa na nina kazi, kwa hiyo naomba nieleze kile kilichonisaidia, kwa kuwa hakikuwa hotuba.

Arosto ya heroini, hata bila dawa, hupungua sana ndani ya wiki moja hadi mbili. Kinachobaki ni muda mwingi usio na cha kuujaza na aibu ya kupita mbele ya watu uliowaibia. Mwajiri wangu alikubali nifike kazini baada ya saa za kliniki, na ruhusa hiyo ndogo ilinifaa kuliko semina zote nilizoitwa. Naiomba kamati izungumze na waajiri kabla ya jambo lolote lingine, maana kijana akilazimika kuchagua kati ya dozi na kibarua, atapoteza kimojawapo na baadaye vyote viwili. Kuhusu uelimishaji rika, anayesikilizwa kijiweni ni yule wanayemjua alivyokuwa, na hawamuulizi kama amekunywa nini asubuhi. Ila msimpe kazi hiyo mtu aliyeanza tiba juzi, kwa sababu kwenda kijiweni kunaamsha hamu hata kwa mtu mwenye nia njema. Huo ndio upungufu ninaouona katika mpango wenu, na hauhusiani na methadoni.

Mama wa Kijana

Kaka hapo juu, ahsante kwa kusema. Naongeza upande wa wazazi, kwa kuwa kamati nyingi hutusahau au hutulaumu. Sisi husukumwa kati ya mambo mawili: kumfukuza mtoto ili ajifunze, au kumvumilia kwa kila kitu. Nilipofundishwa njia ya tatu nilipata nafuu kubwa. Mzazi hukaa karibu na mtoto na kumfurahia waziwazi siku ambazo hajatumia, huondoka kwa utulivu anapokuwa amelewa, hamfichi na matokeo ya matendo yake, na huwa tayari na jina la kliniki pale kijana mwenyewe anapochoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu familia za watu wenye tatizo la pombe ulikuta kwamba njia ya namna hii iliwafikisha wapendwa wao kwenye matibabu katika asilimia 64 ya familia, huku mbinu ya kumkusanyikia na kumkabili kwa pamoja ikifikia asilimia 30. Pombe si heroini, najua, lakini kwangu somo hilo lilifaa. Sharti la "ukirudia mara moja, nenda" nililijaribu nyumbani kabla kamati yenu haijalifikiria, na nilichopata ni kutokujua alikolala.

Katibu wa Kamati

Nawashukuru nyote, pamoja na Mlezi, ambaye amenisaidia kuwaelewa wenzangu. Nitapendekeza kwamba anayetumia dawa alizoandikiwa na kliniki ahesabiwe sawa na asiyetumia kitu. Kwamba anayerudia apumzishwe kazi za kamati lakini mtu wake wa karibu amtembelee siku hiyo hiyo na kumrudisha kliniki. Na kwamba uelimishaji rika utolewe kwa waliotulia kwa muda ambao kliniki yenyewe itaridhika nao. Swali langu la mwisho: tumeahidiwa naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha kipimo cha heroini, kwa ajili ya dharura. Baadhi yetu wanataka ikae kwenye kabati la ofisi, chini ya mwenyekiti. Je, hilo ni sahihi?

Muuguzi Mstaafu

Hapana, ndugu katibu, kwa sababu ofisi hufungwa jioni na watu huzidiwa usiku. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba naloksoni ipatikane kwa yeyote anayeweza kushuhudia tukio, na afundishwe kuitumia. Kwa hiyo igawiwe kwa watumiaji wenyewe, kwa wazazi, na kwa wanaoishi nao. Wafundishwe dalili: mboni za macho zilizosinyaa, midomo inayogeuka rangi, pumzi chache au mkoromo usio wa kawaida, na kutoitika anapoitwa. Waite msaada wa dharura, watoe naloksoni, wampulizie pumzi ikiwa hapumui, kisha wamlaze ubavu akianza kupumua. Na wasimwache baada ya kuzinduka, hata akiwatukana, kwa kuwa naloksoni inaweza kuisha nguvu ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu huku dawa aliyotumia ikiwa bado mwilini, na wapo waliofariki baada ya kuzinduka na kuachwa walale.