Jaribio la mshumaa la Faraday: bomba halitoi mvuke

somo_la_moto:
Naandaa somo la dakika 40 juu ya Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza wa karne ya 19, si umeme wake bali kemia yake na utumishi wake kwa umma. Jaribio lake la mshumaa, linaloonyesha kuwa kinachowaka ni mvuke wa nta na kwamba mwali hutoa maji, linagoma mahali pawili: mvuke wa nta hauwaki kwenye mdomo wa bomba la kioo, na sijui kama maji chini ya bakuli la barafu kweli yametoka kwenye mwali. Halafu, mshumaa unahusianaje na utumishi?

utambi:
Ingiza bomba kwenye ile sehemu ya giza inayozunguka utambi. Hapo nta imeshakuwa mvuke ila haijakutana na hewa. Ukilipandisha kwenye ung'avu utavuta masizi tu. Bomba liwe fupi, sentimita 8 hadi 10, limeelekea juu, na ulipashe moto kwanza. Ukiona weupe ndani ya kioo, nta imeganda njiani. Mshumaa uwe mnene, pasiwe na upepo, na ushike kwa kibanio.

tone:
Kuhusu maji una haki ya kushuku: bakuli la barafu hutoka jasho hata bila moto. Acha barafu. Chukua bakuli kavu la kioo, lishike sentimita 3 juu ya ncha ya mwali. Ukungu hutanda mara moja, kisha hufutika kioo kikipata joto. Faraday alipima tone lake kwa potasiamu, metali inayowaka ikigusa maji. Wewe tumia mrututu (salfeti ya shaba) uliokaangwa ukawa mweupe. Ukiguswa na maji unarudi kuwa buluu.

mlinzi_wa_taa:
Uhusiano ni hayo hayo maji. Tangu 1836 Faraday alikuwa mshauri wa Trinity House, wasimamizi wa minara ya taa Uingereza. Painti moja ya mafuta ikiungua vizuri hutoa maji yanayozidi painti, maana hidrojeni yake huungana na oksijeni ya hewani. Mnarani maji hayo yalitanda kwenye vioo, baridi ikiyagandisha, na mwanga ukafifia. Akabuni bomba la kutoa hewa ya taa nje.

Kwa utumishi, ongeza pia uchafu wa Mto Thames, London, Julai 1855. Akiwa kwenye boti alichana kadi nyeupe, akadondosha vipande majini kila gati. Kabla havijazama inchi moja havikuonekana tena, na jua linawaka. Akaliandikia gazeti la The Times kuhusu uchafu huo. Darasani beseni la maji ya tope na rula vinatosha, ila lowesha karatasi kwanza kama yeye, la sivyo itaelea.