Niuze ampu ya valvu nichukue ya kisasa? Naomba ushauri wa haraka

Nyuzi Sita: Wakuu, habari za muda huu. Nina ampu ya gitaa, Marshall ya zamani ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti), wati 100, na kabati lake la spika nne. Nyuma imeandikwa 1959. Inanguruma balaa, lakini kuibeba ni kama gunia la mahindi, na valvu zake kuzipata hapa mjini ni kazi. Kuna mtu anaitaka. Niiuze nichukue nyepesi ya kisasa? Nijibuni kabla ya kesho jioni, silali.

Kamba Nne: Mimi mpiga besi, hiyo siitaki hata bure. Besi inataka nguvu, ndiyo maana Ampeg walitoa ampu ya besi, SVT, mwaka 1969: wati 300, valvu 14. Mimi niliwahi kupitishia besi kwenye ampu ya gitaa harusini. Maharusi ndio wanaingia, spika ikachanika. Mpaka leo MC ananitania.

Nyuzi Sita: Mkuu, napiga gitaa, sijataja besi.

Fundi wa Kota: Usiiwashe bila kuchomeka spika, utaunguza transfoma ya kutolea sauti. Na asiichokonoe fundi wa kubahatisha. Mle ndani kuna zaidi ya volti 400, na kapasita hubaki na moto hata ukishachomoa ukutani. Ila kwa nini kesho jioni?

Nyuzi Sita: Mnunuzi anakuja kuichukua.

Mama Solo: Ameshatoa hela?

Nyuzi Sita: Advansi kidogo tu.

Mama Solo: Na ampu ni yako?

Nyuzi Sita: Ya ba'mdogo. Yuko Muscat miaka mingi, hajawahi kuiulizia. Anayeifuta vumbi ni mimi, valvu nanunua kwa hela yangu. Sasa hapo mwenyewe nani?

Mtumishi: Kijana, cha mtu mavi. Mpigie baba yako mdogo leo hii.

Nyuzi Sita: Kule saa hizi yuko kazini. Halafu advansi nimeshailipia ile mpya.

Jicho Kali: Hii chai, tena haina tangawizi. Jim Marshall alianza kuuza ampu zake mwaka 1962, dukani kwake Hanwell, London. Ya kwanza, JTM45, waliiga ampu ya Fender iitwayo Bassman. Hiyo ya 1959 imetoka wapi? Hata huyo ba'mdogo hayupo.

Fundi wa Kota: Punguza munkari. 1959 si mwaka, ni namba ya modeli, Super Lead. Ilitoka 1965, baada ya Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who, kuwabana wamtengenezee kitu chenye kelele zaidi. Hendrix naye alikuwa anazipanga ukuta mzima jukwaani. Tupia picha ya nyuma tuone.

Nyuzi Sita: Kumbe si mwaka? Mnunuzi nimemwambia ni ya 1959, ndiyo maana hakuomba kupunguziwa.

Jicho Kali: Mnunuzi, kama umo humu, jitokeze.

Kamba Nne: Hilo kabati unaliuza peke yake?