Ushauri: Nimeendesha bodaboda miaka mingi, sasa nataka kuingia mashindano ya triali. Nianze na pikipiki gani?

Mngoni wa Keighley:

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Keighley, Yorkshire, huku Uingereza, kazi yangu ghalani. Kabla ya kuja nilikuwa bodaboda Songea, na Boxer yangu, masika na kiangazi, kwa hiyo tope na mimi tunafahamiana. Jamaa mmoja kazini, Mwingereza mtu mzima, alinipeleka Jumapili kuangalia klabu yao ikishindana kwenye shamba la kondoo. Nilijua naenda kuona mbio. Hakuna mbio! Pikipiki hazina kiti, watu wamesimama juu yake, wanapanda mawe ya mtoni taratibu kama vile hawana haraka ya kufika popote, na pembeni kuna mama kashika ubao na kalamu anahesabu nani kaweka mguu chini.

Kwa wasioujua mchezo: shamba linagawanywa vipande, mara nyingi kumi, na mnavizunguka mara tatu au nne. Kila kipande kina mipaka, alama nyekundu kulia, bluu kushoto. Ukipita bila mguu kugusa ardhi, sifuri. Ukigusa mara moja ni moja, mara mbili ni mbili, mara tatu na kuendelea ni tatu. Ukianguka, ukitoka nje ya mipaka au ukisimama, tano. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Klabu yao inafuata kanuni ya kutosimama, yaani pikipiki ikiacha tu kusonga mbele, umekula tano.

Watu walipomaliza, jamaa akaniazima ya kwake nikajaribu vipande vya wanaoanza. Kupanda mlima sina tatizo. Tatizo kona. Kila penye kona kali kwenye mteremko, mguu unashuka wenyewe kabla sijauamuru.

Sasa nimenogewa. Nina kama paundi 2,500 na nimeona mbili zinauzwa: Gas Gas TXT 300 ya 2013, na Yamaha TY175 ya miaka ya sabini ya mzee mmoja anayestaafu mchezo. Nichukue ipi? Na je, niingie mashindano ya mwezi ujao au nifanye mazoezi kwanza mpaka mguu utulie? Nyuma ya nyumba yangu kuna nyika kubwa tu, haina mtu.

Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Njiro:

Yaani mnalipa hela ili mpite kwenye mawe? Njooni Monduli mbebe abiria na magunia mawili ya mkaa, mtalipwa nyie.

Tano Tano:

Mngoni, karibu chamani. Mimi niko Leeds, na jina langu humu linajieleza.

Kwanza ujue umeangukia wapi. Hapo Keighley ni pua na mdomo na Silsden, nyumbani kwa ukoo wa Lampkin. Martin Lampkin ndiye bingwa wa kwanza wa dunia wa mchezo huu, 1975. Mwanawe Dougie akachukua ubingwa wa dunia wa nje (siyo ule wa ukumbini) mara saba mfululizo, 1997 hadi 2003, na kashinda mashindano ya siku sita ya Uskochi, yale ya Fort William, mara kumi na mbili. Kwa hiyo usishangae ukikuta babu wa miaka sabini anakupita kwenye jiwe huku anasalimiana na watu. Hao wamekulia humo.

Kuhusu pikipiki: kwangu hizo zote mbili ziache. TY175 ni nzuri, watu watakupenda, na vilabu vingi vina daraja la pikipiki kuukuu za shokapu mbili ambapo utashindana na wenzako. Lakini breki zake ni za ngoma. Ukivuka kijito unatoka huna breki, na vijito ndiyo nusu ya Yorkshire. Tena spea utakuwa unawinda. Hiyo 300 nayo ina nguvu ya ghafla, na mtu mwenye mkono wa bodaboda akishtuka huwa anavuta mafuta, haachii. Kwa hela yako tafuta Beta Evo 200 au 250 iliyotumika. Mpya usiiwaze, inagusa 6,000 na kuendelea.

Ukienda kuikagua, ipashe injini moto kwanza, kisha izime, upige kiki. Ikikataa ikiwa ya moto, ondoka. Inyanyue kwa nyuma ulitikise gurudumu juu-chini usikie kama viungo vya shokapu vimekufa. Chungulia pale vikanyagio vinaposhikana na fremu, nyufa huanzia hapo. Na soma namba ya fremu, pikipiki hizi zinaibwa sana, nyepesi mno, watu wawili wanaitupa kwenye gari na wamekwenda.

Mashindano ingia mwezi ujao huohuo. Jiunge na klabu, jisajili kama mpanda triali kwa ACU, chama cha mchezo huu cha hapa, kisha jiandikishe njia ya wanaoanza. Ada ya siku si ya kutisha. Unayosubiri ufanye "mazoezini" ndiyo utakayoyafanya pale, ila pale kuna watu wa kukuonyesha na mawe yamechaguliwa na mtu anayejua kazi yake.

Sasa mguu. Kwenye bodaboda unalala na pikipiki, mwili na chombo pamoja. Huku ni kinyume: pikipiki inalazwa ndani ya kona, mwili unabaki nje, uzito wote kwenye kikanyagio cha nje. Uzito wako ukiwa upande wa ndani, mguu wa ndani lazima ushuke, maana ndio uliobeba mwili unaoanguka. Tafuta majani tambarare, gia ya kwanza, usukani ukate mpaka mwisho, mafuta yaache chini kabisa, kidole kimoja kwenye klachi, breki ya nyuma uiguse kidogo muda wote. Zunguka kushoto mpaka uchoke, kisha kulia, upande ambao utauchukia. Macho yasiangalie gurudumu, yaangalie unakokwenda. Ukiweza hapo, hamia kwenye mteremko.

Na kitu kimoja ambacho wageni hawaambiwi. Mguu ukishagusa mara tatu, pointi haziongezeki tena mpaka utoke. Kwa hiyo acha ustaarabu: piga makasia kwa miguu yote miwili mpaka nje, mradi unasonga mbele. Tatu ni tatu. Nimeona watu wanang'ang'ania kuupandisha mguu kwa heshima, wanasimama, wanaandikiwa tano.

Nyika sahau, wengine watakueleza.

Msambaa Girona:

Tano, nakuheshimu lakini kwenye 300 tutagombana.

Mimi niko Catalonia, Hispania, na Gas Gas ilizaliwa hapa Girona, 1985. Huku watoto wanaanza triali kabla hawajajua baiskeli vizuri, na Toni Bou, aliyebeba ubingwa wa dunia kila mwaka tangu 2007 hadi 2024, ni mtu wa hapahapa Catalonia. Ninachokiona kwa watu wazima wanaoanza ni kwamba injini kubwa siyo adui. Pikipiki ya cc 300 ukiiweka gia ya pili au ya tatu inatambaa kwa resi ndogo bila kuzima, wakati ya cc 125 inamtaka mtu mzima wa kilo 80 aipigie resi na kucheza na klachi kila jiwe, kitu ambacho mgeni hana. Inayomtisha mgeni ni namna mafuta yanavyoingia. Funga kishikio cha mafuta cha mwendo wa polepole, kinachofungua mafuta taratibu, kipo cha bei ndogo tu, na ikibidi uongeze uzito kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Hata Beta wenyewe wanayo 300 waliyoilainisha makusudi, ile SS.

Mngoni, kama hiyo Gas Gas ni nzima na bei ina maneno, mimi ningechukua. TY hapana, hapo nakubaliana na mzee.

Tano Tano:

Mwenye kilo 80 sawa. Mwenye woga je? Ila kishikio cha polepole nakubali, nilikisahau.

Mama Zawadi:

Habari zenu. Mimi sipandi, mwanangu ndiye anayepanda, ana OSET, pikipiki ya umeme, na mimi huwa ni mwangalizi. Huenda ndiye huyo mama wa ubao wa Mngoni, hahaha, ingawa niko Lancashire.

Kaka Mngoni, nikueleze ninachokiangalia nikiwa pale nimeganda na baridi. Kipande kinaanza ekseli ya gurudumu la mbele inapovuka bango la kuanzia na kinaisha ekseli hiyohiyo inapovuka bango la mwisho. Siyo kichwa chako, siyo tairi. Kila Jumapili namwandikia mtu moja ya bure kwa sababu kaweka mguu kwa furaha ekseli bado haijavuka. Ukimaliza jiwe la mwisho, baki juu, nyoosha, toka kabisa ndipo ushangilie.

Halafu, tembea kipande kwa miguu kabla hujakipanda. Wote wakubwa wanatembea, wewe nani? Tena utembee kila mzunguko, maana njia ya asubuhi siyo ya mchana. Jiwe lililokuwa kavu sasa limepakwa tope na magurudumu ya watu arobaini, au kinyume chake, tope limechimbwa hadi limefika kwenye changarawe na panashika vizuri kuliko mwanzo.

Nyika usijaribu. Kuingiza chombo cha moto kwenye nyika bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa kwa sheria ya barabara ya 1988, na polisi wakikuta unaudhi watu wana uwezo wa kuichukua pikipiki kwa sheria ya 2002. Pikipiki yenyewe haina namba wala bima. Klabu nyingi zina siku za mazoezi kwenye ardhi walizoruhusiwa. Na ukitaka wakupende haraka, jitolee uwe mwangalizi siku moja. Waangalizi hawatoshi popote, na utajifunza kwa kuona watu mia wakikosea jiwe moja.

Mngoni wa Keighley:

Asanteni sana wakuu, na shikamoo Mama Zawadi. Nyika nimeiacha. Swali dogo: nikiona mwangalizi kaniandikia tano ya kusimama na mimi najua nilikuwa nasonga, nafanyaje?

Mama Zawadi:

Marahaba. Unasema asante, unaenda kipande kinachofuata. Mwangalizi anaona, wewe unahisi, na anayeandika ni yeye. Kama kweli kuna tatizo la kanuni, ongea na msimamizi wa mashindano baadaye, siyo juu ya ubao wake huku foleni inasubiri.

Fundi Nduthi:

Sasa boss. Mimi Mkenya niko Birmingham, hizi nduthi, yaani pikipiki, ndizo zinanilisha. Wenzangu wamemaliza mambo ya kupanda, acha niongee ya spana.

Upepo wa tairi: sahau ile ya boda. Nyuma weka psi 4, mbele 5 hivi. Ndiyo, nne. Inakaa kama pancha lakini hivyo ndivyo mpira unavyolikumbatia jiwe. Nunua geji ya upepo mdogo, ile ya petroli steshen haisomi huko chini. Tena usiipandishe barabarani na upepo huo.

Klachi: asubuhi ya baridi sahani za ndani hugandana. Ukiwasha na kutia gia nduthi inaruka na wewe mpaka kwenye gari la mtu, nimeshuhudia. Kabla ya kuwasha, tia gia, vuta klachi, isukume mbele na nyuma mpaka usikie imeachia.

Oili ni ya kuchanganya na petroli, na ni kidogo kuliko unavyodhani. Fuata kitabu cha nduthi yako, usimwage kwa macho. Tangi halifiki lita 3, kwa hiyo ukikosea kidogo umekosea sana.

Kamba ya sumaku ya kuzimia injini ifungwe mkononi kila mara. Sumaku ikichomoka, injini inazima. Bila hiyo hupandi. Pia angalia spoketi ya nyuma ina kinga ya kuzuia vidole.

Mngoni wa Keighley:

Nimempigia mwenye Gas Gas, kashuka hadi 2,250 na kishikio cha polepole anacho kwenye boksi. Naenda kuiona Alhamisi, nitaipasha moto kama mzee Tano alivyosema. Nafikiria kununua ile raki ya kufunga nyuma ya gari, nina kigari kidogo cha milango mitatu.

Tano Tano:

Msambaa kashinda, haya.

Ila raki ngoja kwanza. Soma kitabu cha gari lako kichwa cha kuvutia trela kinabeba kilo ngapi kwa kushuka chini. Vigari vidogo vingi ni 50 hadi 75. Pikipiki ni kama 70, raki yenyewe 15 au 20, na bado hujaweka kopo la petroli. Gari litanyanyua pua na usukani utakuwa hewani. Kwa sasa panda na mtu mwenye van. Mimi Alhamisi natoka kazini saa kumi na van ni tupu, nitumie ujumbe wa faragha eneo la muuzaji, nikupitie stesheni.

Fundi Nduthi:

Na mkienda bebeni geji.